Kila Kiungo na Zamu Yake

Chai ya maziwa yenye viungo, ile ya sufuria, hudhaniwa kuwa kazi ya yeyote mwenye moto na majani. Mtazame mpishi aliyeizoea, kwa utulivu, nawe utaona ustadi ulipo: katika kujua kipi kitangulie na kipi kisubiri.

Maji hutangulia. Mdalasini huingia mapema, kwani gome ni gumu na halitoi ladha upesi. Hufuata tangawizi iliyopondwa, nayo sharti ichemke vizuri kabla maziwa hayajatiwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa, na maji yanayotokota hukiua. Bibi zetu waliyajua haya bila maabara: waliona maziwa yakikatika, wakabadili mpangilio, wakawarithisha mabinti.

Majani yakishatoa rangi, maziwa humiminwa, na hapo mpishi habanduki jikoni. Yakifura hadi ukingoni, huyatuliza kwa kupunguza moto, au huchota kwa upawa na kumimina tena kutoka juu, mpaka weupe ugeuke hudhurungi iliyokolea. Protini ya maziwa hushikana na ukakasi wa majani, ndiyo maana chai hii huvumilia moto ambao chai ya rangi ingeuchukia. Iliki huja mwishoni, imetwangwa papo hapo. Harufu yake ni mafuta mepesi yanayoruka na mvuke. Ukiitia mapema, jiko litanukia na kikombe kitakosa.

Ustadi huu haukuwahi kuukimbia uvumbuzi. Majani yetu ya punjepunje ni zao la mashine ya CTC, iliyobuniwa na William McKercher huko Assam, India, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mashine hiyo huponda, hurarua na kuviringisha majani, yakatoa rangi na nguvu haraka hata ndani ya maziwa. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya, iliyoanza kulimwa mwaka 1903 kule Limuru, husindikwa hivyo. Chupa ya chai nayo imetokana na chombo alichokibuni mwanasayansi James Dewar mwaka 1892, na leo harusini, hitimani na kwa mama ntilie haikosekani. Vyote viwili vilipokewa kwa moyo mmoja kwa sababu vilimsaidia mpishi na kumwachia uamuzi wake.

Birika la umeme nalo lina heshima yake: huchemsha maji upesi kuliko mkaa, na hakuna ubaya kuanzia hapo kisha kuhamia kwenye sufuria. Kifuko cha majani humfaa msafiri na mtu wa ofisini. Lakini kinapotumbukizwa kikombeni na kuongezwa maziwa baridi, maziwa, majani na viungo havikukutana motoni, na hakuna zamu iliyofuatwa.

Mashine inaweza kuhesabu dakika. Haiwezi kujua kwamba tangawizi ya leo ni kali kuliko ya jana, au kwamba maziwa haya ni mazito na yanataka majani zaidi. Hayo hujulikana kwa kunusa na kuonja. Kwa hiyo anayetaka chai hii idumu asimwandikie mwanawe vipimo peke yake. Amsimamishe kando ya jiko na kumwachia upawa.