Vibaba vya Kubadilishana

Kila ninapofungua mfuniko wa deki yangu kuukuu ya CD ili nibadilishe mpira wa trei, macho hukimbilia chipu moja nyeusi yenye miguu 28. Imeandikwa TDA1541A. Kapasita ndogondogo zimeizunguka, saba upande huu na saba upande ule, kama watoto waliokalia sinia. Trei imechoka, na leza nimeshaibadilisha. Chipu hiyo haijaguswa, na ganuni likipigwa, uzi wake bado hufifia taratibu hadi ukimya bila kukwaruza.

Ndani ya CD hamna sauti, mna namba: 44,100 kwa sekunde kwa kila spika. Chipu huzigeuza kuwa umeme kwa kupima, kama muuza duka mwenye vibaba kumi na sita: kikubwa, nusu yake, nusu ya nusu, hadi cha mwisho kilicho sawa na punje. Balaa liko kwenye kile kikubwa. Muziki unapovuka sifuri, kikubwa hutiwa na vidogo vyote humwagwa kwa mpigo mmoja, au kinyume chake. Kikipunja hata chembe, kasoro huangukia penye muziki mwororo, pasipo na kelele ya kuificha.

Na kiwanda hakiwezi kutengeneza nusu mbili zilizo sawa kiasi hicho. Wengine walichonga vipande vya chipu kwa leza hadi vilingane. Kazi safi, ila kilicholinganishwa siku moja huachiwa joto na miaka. Mwaka 1976 Rudy van de Plassche wa Philips, Uholanzi, alichapisha njia nyingine: kubali kwamba nusu hazilingani, kisha zibadilishane nafasi bila kupumzika. Aliyepunjwa zamu hii huongezwa zamu ijayo. Zile kapasita hulainisha mawimbi yanayobaki, ukatoka wastani. Hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi huyu. Chipu yake haikusawazishwa siku ya kuzaliwa. Hujisawazisha kila dakika inapokuwa na umeme, na ndiyo maana uzee haupati pa kuishikia.

Philips hao hao walianza wakiwa na upungufu. Mapatano yao na Sony kuhusu CD yalitaka biti 16, yaani vibaba kumi na sita, nao mkononi walikuwa na chipu ya TDA1540 ya biti 14. Katika CD100, deki iliyoingia madukani Ulaya mwaka 1983, walizidisha mwendo mara nne, namba 176,400 kwa sekunde, na makosa ya kupima yakasukumwa juu kusikofikiwa na sikio. Biti mbili zikalipwa kwa kasi. TDA1541 yenye biti 16 kamili ilifuata mwaka 1985.

Wapo wanaosaka TDA1541A zilizogongwa alama ya taji na kuzilipia pesa ya kutisha. Mimi hii isiyo na taji inanitosha. Kwa vipimo, chipu ya leo ya bei poa inaishinda, sibishi.

Mpira mpya umekaa. Kabla ya kurudisha mfuniko naacha wimbo mmoja uishe, kisha naweka kidole juu ya chipu. Ina joto la kikombe cha chai kilichosahauliwa kidogo. Wimbo umekwisha, spika ziko kimya, na humo ndani zamu bado zinapokezana.