Sengu na Chumba cha Mhadhiri: Tahakiki Juu ya Malezi ya Walimu wa Vyuo

Imezoeleka katika vyuo vyetu kwamba mtu akishapata shahada ya juu amekwisha kuwa mwalimu. Hukabidhiwa chaki, ratiba na darasa, kisha huachwa. Mtumishi kijana hujifunza kazi ya usharika chini ya mchungaji mzoefu; lakini yule atakayewafundisha wachungaji huingia darasani peke yake. Katika makala hii tunakusudia kuupima mfano mmoja wa njia nyingine, nao unatoka Mbinga, mkoani Ruvuma.

Kati ya mwaka 1994 na 1997 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walifanya utafiti katika milima ya Umatengo. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1999 chuo kilianzisha kituo cha maendeleo endelevu vijijini, ambacho mradi wake, hadi mwaka 2004, uliendeshwa Mbinga na katika milima ya Uluguru. Huko Kindimba msomi alijifunza kwa mkulima maana ya ngoro: nyasi hufyekwa na kupangwa miraba miraba mlimani, hufunikwa kwa udongo unaochimbwa katikati, na mashimo yanayobaki huyazuia maji ya mvua yasiuchukue udongo. Maharage hupandwa kwanza, mahindi hufuata.

Walijifunza pia habari za sengu, yaani desturi ya Wamatengo ambapo watu wa ukoo walikula pamoja, wazee wakashauri, wakasuluhisha na kuwaonya vijana. Jina hilo lilihuishwa Kindimba katika kamati ya wanakijiji ya maendeleo.

Sifa ya jaribio hili ni kwamba lilimfanya mhadhiri kuwa mwanafunzi tena, mbele ya wenzake na mbele ya wanakijiji. Semina ya siku mbili hotelini haiwezi kufanya hivyo. Wala jambo hili si geni upande ule: William Percival Johnson wa misheni ya UMCA, msomi wa Oxford, alijifunza lugha za watu wa Ziwa Nyasa kwa miaka mingi kabla ya kufariki Liuli mwaka 1928.

Hata hivyo tunazo hoja mbili za kupinga sifa isiyo na mipaka. Kwanza, mradi una mwisho wake, bali walimu wapya huajiriwa kila mara. Malezi yanayotegemea fedha za wafadhili hayajawa bado desturi ya chuo. Pili, sengu yenyewe ilikuwa baraza la wanaume. Wanawake walipika chakula kilicholiwa pale, na katika ngoro ndio waliochimba na kufunika udongo, lakini neno la mwisho halikuwa lao. Tukiiga sengu bila kuihoji, tutapata chumba cha walimu ambamo mzee hunena na kijana huitikia, na mhadhiri mwanamke huombwa aandike kumbukumbu za kikao. Huo ni utii, si malezi.

Maandiko yanatusahihisha hapa. Katika Matendo ya Mitume sura ya 18, Apolo alikuwa msomi hodari wa kunena, lakini elimu yake ilikuwa na pengo. Priskila na Akila hawakumwaibisha hadharani; walimchukua kwao wakamweleza kwa usahihi zaidi. Na Luther mwenyewe asingefika kwenye kiti cha Biblia huko Wittenberg, mwaka 1512, kama Staupitz hangemsukuma kuichukua shahada ya udaktari na kumwachia nafasi yake mwenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila mwalimu mpya apewe mlezi kwa miaka miwili. Kwamba mlezi huyo aingie darasani mwake na kupitia naye usahihishaji wa mitihani. Kwamba asiwe yule anayeamua kupandishwa kwake cheo, ili kijana athubutu kukiri asichokijua. Na kwamba saa za kulea zihesabiwe kuwa kazi. Hayo hayahitaji mfadhili. Yanahitaji mwalimu mzee aliye tayari kufungua mlango wake, na kufunguliwa wa mwenzake, naye akaketi nyuma ya darasa na kusikiliza.