Nkongolo alikuwako?

Katika daftari za waseminari wetu tumesoma mara nyingi: « Nkongolo Mwamba, mfalme wa kwanza wa Waluba, 1500 ». Mwaka umeandikwa kama katika kitabu cha ubatizo. Nani aliuona?

Hadisi yenyewe twaijua. Nkongolo, mwenye jina la upinde wa mvua, alikaa Mwibele karibu na ziwa Boya, akatawala kwa ukali. Mwindaji Mbidi Kiluwe akatoka mashariki, akazaa Kalala Ilunga na dada ya Nkongolo. Mjomba akamwogopa kijana. Akachimba shimo, akasimamisha mikuki ndani, akafunika mkeka, kiisha akamwita aje kucheza ngoma juu yake. Kijana akaponyoka, akavuka Lualaba, akarudi na askari wa baba yake. Kichwa cha Nkongolo kikakatwa.

Jan Vansina, katika kitabu chake cha 1966 juu ya falme za savana, aliiweka habari hii karibu na mwaka 1500. Luc de Heusch, mwaka 1972, akakataa: hawa si watu, ni mawazo yaliyovikwa majina. Thomas Reefe, mwaka 1981, akawapa miaka wafalme wa karne ya 18 na ya 19 tu, kama Ilunga Sungu.

Juu ya miaka twakubali maneno ya Reefe. Lakini de Heusch asoma hadisi kana kwamba haina msimulizi. Nkongolo hula mbele ya watu na kuoa dada zake. Mbidi hujificha akila. Mzee anayesimulia hivyo hasemi mwaka, anasema nani anastahili kutawala. Jina likiisha kutiwa mwaka, kesho litakuwa karatasi ya kugombea udongo.

Tena udongo wenyewe una neno. Nenquin alichimba makaburi ya Sanga mwaka 1957, de Maret akaendelea tangu 1974. Kamilamba, katika kaburi la miaka zaidi ya 1000, mlikuwa na shoka la heshima na fuawe, na fuawe ni alama ya mfalme kwa Waluba. Basi wakubwa walikuwako. Majina yao kaburi halikuyataja.

Sisi wa Pangi hatukuwa na mfalme; katika bwami mtu hupanda ngazi kwa ngazi mpaka kindi. Hata hivyo kijana mmoja alitutafutia « mfalme wa kwanza wa Warega » pamoja na mwaka wake, ili Waluba wasitupite!

Tungempa asome Cosmas wa Praga, padri aliyekufa mwaka 1125. Aliandika habari za Přemysl, mkulima aliyeitwa kutoka shambani kuwa mtawala wa Bohemia, wala hakumtia mwaka. Miaka aliianza kwa Bořivoj, mtawala wa kwanza aliyebatizwa, akieleza wazi kwamba hakupata maandiko ya mbele na hakutaka kubuni.

Katekista anayeandika maneno ya mzee aandike kijiji, siku aliyosikia, na wale waliokuwa wamekaa pale. Nafasi ya mwaka aiache nyeupe.