Aliyeshika Kamba

Katika duka moja mjini Nachingwea, juu ya madebe ya mafuta ya taa, ilitundikwa kalenda ambayo mwaka wake ulikwisha zamani, lakini mwenye duka hakukubali kuiondoa. Ukurasa wa Agosti ulikuwa na picha ya puto la hewa moto likipaa Serengeti alfajiri: puto jekundu, jua linalochomoza, mgunga mmoja, na nyasi hadi upeo wa macho. Watu waliingia kununua sabuni wakasimama kuitazama. Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa hayaruki maputo. Kinachopaa alfajiri ni moshi wa mafigani na ukungu wa mabondeni. Kwa hiyo picha ile ndiyo iliyokuwa puto letu, nami niliipenda kama wengine. Leo nataka kuihakiki, maana nimepata kuipiga mwenyewe picha ya namna ile ile, na ikanitia aibu.

Kwanza tuitendee haki. Si kazi nyepesi. Maputo hurushwa alfajiri kwa kuwa wakati huo hewa ni baridi na imetulia. Jua likishapanda, ardhi hupata moto, hewa huanza kusukumana, na rubani hapendi mchezo huo. Tena katika nchi zilizo karibu na ikweta jua halisitisiti. Mpiga picha ana dakika chache tu baina ya giza na mwanga mkali. Akipima mwanga kwa kuielekeza kamera angani, ardhi yote hutoka nyeusi tii. Akipima ardhi, anga huungua ikawa nyeupe. Bahati yake kubwa ni pale moto wa gesi unapowashwa kabla jua halijatoka, kitambaa kizima kikang'aa kama kandili. Aliyepiga picha ya kalenda aliyajua hayo yote. Juu ya mwanga wake sina neno.

Neno langu liko kwenye ukingo wa chini. Katika picha nyingi za namna hii anga huchukua karibu nafasi yote, na chini huachwa utepe mwembamba wa nyika isiyo na mtu. Tunaambiwa picha imepigwa kutoka ardhini, lakini ardhi haimo. Miguu ya mpiga picha iko chini. Jicho lake limekwisha panda kapuni pamoja na watalii.

Jicho hilo si la jana. Mwaka 1863 Jules Verne, bila kukanyaga huku, alitunga hadithi ya Waingereza wanaoondoka Zanzibar kwa puto na kuivuka Afrika yote. Mwaka 1962 Anthony Smith akaondoka kweli Zanzibar kwa puto la gesi lililoitwa Jambo, akavuka bahari hadi bara, kisha akaenda kuwatazama wanyama kutoka juu. Mwenziwe katika safari ile, Alan Root, ndiye aliyeanzisha biashara ya kuwarusha watalii Maasai Mara mwaka 1976, na Serengeti ikafuata mwaka 1989. Wapaao siwalaumu. Anayepaa lazima aone kutoka juu. Ninayemuuliza swali ni yule aliyebaki chini nasi.

Labda msomaji ataniona mkali kupita kiasi. Lakini mtu wa Nachingwea ana sababu ya kuliogopa jicho la juu. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, alipita kwa ndege juu ya Tanganyika akaona nyika ambayo, kwa fikira zake, ilikuwa ikingoja karanga. Mwaka huo huo tume ya John Wakefield ikaizunguka nchi kwa majuma machache, sehemu kubwa ya safari ikiwa angani. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Matrekta yakaja, visiki vikayavunja, mvua zikakataa kufuata hesabu, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Sisemi kwamba picha ya kalenda ni sawa na mradi wa karanga. Nasema tu kwamba mazoea ya kuiona nchi kuwa tupu yanaweza kuanza kwa kitu kizuri.

Sasa aibu yangu. Mwaka 1996 mpwa wangu alipata kazi huko Serengeti katika kundi la vijana wanaolitandaza puto, kulijaza hewa, kisha kulifuata kwa gari hadi litakapotua. Nilikwenda kumtembelea na kamera ya kuazima. Kazi yake ilikuwa kushika kamba iliyofungwa kwenye utosi wa puto. Puto likianza kuinuka, yeye huegemea nyuma kwa uzito wake wote, visigino vimezama katika nyasi, ili lisisimame kwa kishindo. Aliniambia, "Mjomba, leo utapata picha." Nikapiga filamu nzima, picha 36. Na kila alipoingia katika lenzi, yeye au wenzake, niliwapungia mkono wasogee. Nilikuwa naitafuta picha ya dukani.

Nilizipeleka Ruangwa kwa dada yangu, mama wa kijana. Alizipitia moja moja, akifuta vidole kwenye kanga kila mara asije akazichafua. Mwisho akasema, "Kaka, nzuri sana. Na mwanangu yuko wapi?" Nikamwambia yuko pale pale, upande wa pili. Akazirudia zote tena.

Ndipo akaiona moja ambayo fundi wa studio alikuwa ameiweka chini kabisa, kama iliyoharibika. Nilibonyeza mapema. Puto limekatwa nusu, jua halimo, na pembeni kuna kamba iliyokazwa, ngumi mbili zenye glavu, na goti moja lililokunjwa. Sura haionekani. Dada akaitenga ile moja, nyingine akanirudishia.

Nimeitazama mara nyingi tangu siku hiyo, na naiona kuwa ndiyo picha bora ya filamu yote. Wala sisemi hivyo kwa sababu ya undugu. Katika zile 35 puto ni pambo, halina ukubwa wala nguvu, lingeweza kuwa tunda lililoning'inia. Katika ile moja, kwa kuwa kuna mtu anayevutwa, unajua lina nguvu kiasi gani. Bado iko ukutani Ruangwa. Wageni huuliza ni picha ya nini, na dada huanza kuwaeleza kutoka kwenye goti.