Mwenye Jioni ni Mchomaji

Ukiingia baa ya kando ya ziwa jijini Mwanza saa kumi na moja jioni, usianze kutafuta meza. Tazama kwanza moshi wa jiko unaelekea wapi. Saa hizo kwa kawaida unakwenda nchi kavu, upande wa barabara, na mchoma samaki amesimama akiwa ameligeuzia ziwa mgongo. Mtazame tena saa mbili usiku: amehamia upande wa pili wa jiko, uso wake sasa unaelekea majini, na moshi unakwenda ziwani. Hakuna aliyemwambia ahame. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na maji mengi kiasi hicho huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa. Mchana ardhi hutangulia kupata joto, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huja kuziba nafasi. Usiku ardhi hutangulia kupoa na upepo hugeuza njia. Kati ya pepo hizo mbili kuna utulivu mfupi, pale jua linapozama ng'ambo ya ghuba, saa moja kasoro. Upepo unakata, mkaa unafifia, na ni wakati huohuo watu waliotoka kazini wanaagiza wote kwa pamoja. Mchomaji mgeni huhangaika. Mzoefu tayari ana kipande cha boksi mkononi.

Watu husifia baa za huku kwa mandhari: mawe makubwa yaliyopandana, Bismarck Rock ikiwa imesimama majini, kisiwa cha Saanane kando ya Capri Point, mitumbwi inayotoka kwenda kuvua dagaa kwa taa. Wengine husifia muziki au ubaridi wa bia. Mimi naona mwenye jioni ni mchomaji. Sato mzima wa nusu kilo, tangu aparuliwe magamba hadi afike mezani, anataka dakika 40 hivi, na kila kitu kingine pale kimepangwa kuzijaza dakika hizo: viti vya plastiki vilivyogeuzwa kutazama maji, karanga za kukaanga, mabishano ya Simba na Yanga, na swali la mhudumu, "Ya baridi au ya moto?" Wanaotaka ya moto, yaani bia iliyotoka kwenye kreti bila kupita kwenye friji, ni wengi kuliko mgeni anavyodhani, hasa wazee. (Mimi ni wa baridi, na meza yetu imeshanisamehe.)

Kazi yenyewe inaanza na sinia. Mhudumu analileta na sato wabichi watano au sita, uchague na mpatane bei kwa ukubwa. Wengi huchagua kwa macho ya njaa, mkubwa kuliko wote. Kaa karibu na jiko uone mchomaji anavyowachagua yeye anapowapokea asubuhi kutoka kwa wachuuzi wanaonunua kwenye mwalo wa Kirumba. Anafunua matamvua, yakiwa mekundu yanayong'aa anaendelea, yakiwa yameingia ukahawia anamrudisha samaki bila maneno. Anatazama jicho, ambalo linapaswa kuwa angavu na limejaa. Kisha anabonyeza mgongoni kwa kidole gumba na kusubiri kidogo. Nyama ikirudi juu, amepita. Shimo likibaki, huyo atafaa mchuzi kwa mtu mwingine. Hampendi sana sato mkubwa. Aliyejaa kiganja na vidole, mnene mabegani, ndiye anayemtaka, kwa kuwa mgongo wa samaki mkubwa ni mzito kiasi kwamba mkia utakuwa umekauka kabla moto haujaufikia uti.

Siku hizi kuna pia sato wa vizimba, wanaofugwa ndani ya ziwa kwa chakula cha kununua. Huyu hunenepa tumboni, na mafuta yake hudondokea mkaani na kuamsha ndimi za moto. Mchomaji hamkatai. Anamweka tu pembeni kidogo mwa wavu kuliko ndugu yake wa ziwani, na ukimuuliza kwa nini, anakuonyesha tumbo.

Kuparua magamba kunaonekana kazi ya kitoto, na kweli mara nyingi hufanywa na kijana anayejifunza. Lakini mchomaji haondoi jicho pale tumbo linapopasuliwa. Kisu kinaingia kwa ncha tu, kwa sababu nyongo imekaa juu, karibu na ini, na ikitoboka uchungu wake hautatoka kwa maji wala kwa ndimu. Utando mweusi ulioshikamana na tumbo kwa ndani unakwanguliwa wote, kisha damu iliyolala kando ya uti. Baada ya hapo anachanja ubavuni, mikato mitatu ya mshazari kila upande, yenye kina sehemu ya mabega na ya juujuu kuelekea mkiani. Mikato hiyo inaingiza chumvi, lakini kazi yake kubwa ni kufungulia moto njia kwenye sehemu nene, ili mgongo na mkia viive kwa wakati mmoja. Ukiona mikato yote ina kina kimoja toka kichwani hadi mkiani, aliyeikata amejifunza kwa kutazama picha.

Chumvi inatangulia, na ndimu inachelewa. Mpangilio huu una sababu. Chumvi huvuta maji juu ya ngozi, na baada ya robo saa yale maji anaweza kuyafuta kwa kitambaa. Ndimu ikikaa muda mrefu huanza kuigeuza nyama kabla ya moto: inakuwa nyeupe, inalegea, na baadaye inameguka juu ya wavu. Kwa hiyo wachomaji wazuri hupaka kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa ndani ya tumbo na kwenye mikato, wanakamua ndimu kidogo wakati wa kuweka jikoni, na nyingine wanaiacha iende mezani. Unga wa viungo vya pakiti unaopakwa mpaka samaki anageuka njano siupendi. Unaungua mapema kuliko samaki, na ladha yake ni ileile kwa kuku, kwa nyama na kwa ndizi. Sato ana ladha ndogo, ya maji baridi, na anayempaka viungo vingi namna hiyo sielewi amemnunua kwa nini.

Kisha anakauka. Hapa ndipo wateja wanapoanza kugeuza shingo, kwa sababu samaki yuko tayari, jiko liko tayari, na mchomaji amemtundika tu kwenye ndoano, upepo wa ziwani ukimpiga. Ngozi yenye maji haichomeki. Moto wote wa mwanzo unapotea katika kuyafukuza maji yale kama mvuke, na wakati huo ngozi laini inashikana na chuma. Ngozi kavu ikikutana na wavu wenye moto mkali, uliofutwa kwa kitambaa chenye mafuta, inakakamaa haraka na baadaye inajiachia yenyewe. Dakika kumi za upepo zinafanya kazi ambayo hakuna koleo linaloweza kuifanya.

Jiko ni pipa la mafuta lililopasuliwa katikati kwa urefu, likawekewa miguu ya nondo. Mkaa anauwasha mapema mno kwa macho ya mtu mwenye njaa, halafu anauacha uvae majivu. Mkaa mweusi wenye ndimi za moto unaunguza nje na kutia uchungu wa masizi. Mkaa mwekundu uliofunikwa na majivu mepesi unatoa joto lililotulia. Hausambazi sawasawa. Upande mmoja anaurundika, katikati anautandaza, na upande wa tatu anaacha karibu mtupu. Kwa hiyo ana majiko matatu chini ya wavu mmoja, na ustadi wake wote wa saa mbili zijazo ni kuhamisha samaki kati ya majiko hayo. Joto analipima kwa kiganja, akikiweka juu ya wavu na kuhesabu kimoyomoyo. Nilidhani ni maringo mpaka nilipomwona anahesabu kila mara kabla ya samaki mpya, hata jiko lilipokuwa limewaka saa nzima.

Mkaa wenyewe una maneno. Ule wa miti migumu ya miombo ni mzito, hukaa muda mrefu na haurushi cheche sana. Ule wa miti laini huisha kabla samaki hajageuzwa. Ni miombo hiyohiyo inayoisha, na Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Naukubali kwa moyo wote kwa jiko la nyumbani, ambako mama na watoto wanavuta moshi kila siku. Kwa jiko la baa, wachomaji kadhaa wameanza kuchanganya mkaa mbadala, ule wa kukandamizwa. Unachelewa kushika na haupendi kuchokorwa, ila ukishashika joto lake halipandi wala halishuki ovyo. Kwa kazi ya samaki hiyo ni sifa kubwa.

Samaki akishalala juu ya wavu, mchomaji hafanyi lolote. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote kulitazama. Mteja wa meza ya tatu amesimama, anauliza, "Kaka, vipi samaki wetu?" Anajibiwa, "Bado," bila kugeuziwa uso. Kijana anayejifunza anachukua koleo, anataka kuinua kidogo aone, na koleo linachukuliwa mkononi mwake. Ngozi bado imeshikana; ukiinua sasa itabaki kwenye chuma, na ngozi ikibaki, maji ya nyama yanadondoka yote mkaani. Anasikiliza. Mwanzoni mlio ni mkali na wa haraka, wa maji yanayotoka. Ukipungua na kuwa mlio wa mafuta, mzito na wa polepole, anatazama ndani ya mkato wa kwanza. Nyama mbichi ina rangi ya maji ya kuoshea mchele. Weupe ukishapanda kutoka chini hadi nusu ya unene, anapitisha mwiko bapa kutokea mgongoni kuelekea tumboni na kumgeuza, mara moja tu. Upande wa pili unachukua muda mfupi zaidi kwa sababu joto limeshaingia. Mwisho anavuta pezi la mgongoni kwa vidole viwili. Likichomoka bila ubishi, samaki anaondoka jikoni.

Sangara ni habari nyingine, na nitaipita haraka. Aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, akakua hadi kuzidi kilo 100, akawamaliza wengi wa samaki wadogo waitwao furu na kujenga viwanda vya minofu ya kwenda Ulaya, huku mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakibaki kuliwa hapa. Jikoni huja vipande, ana mafuta mengi, na husamehe makosa. Ndiyo maana mchomaji anayeanza hupewa sangara.

Mezani mhudumu ametangulia na jagi la maji ya uvuguvugu na beseni. Sato anafika mzima kwenye sinia, kachumbari kando, pilipili, vipande vya ndimu, na ugali wa dona au wa muhogo. Wanaojua huanzia mgongoni, ambako nyama huachana na uti kwa kipande kizima, kisha shavu, kisha ngozi ya tumboni iliyokakamaa. Mazungumzo hukatika kwa muda, hata ya Simba na Yanga.

Zipo baa zinazowakaanga samaki nusunusu wakati wa mchana, kisha kuwapitisha mkaani mteja akifika, ili asisubiri. Samaki huja kwa dakika kumi, ana mistari myeusi ya wavu na harufu ya moshi, na ndani ana mafuta ya kukaangia. Biashara ni biashara, siwalaumu. Ila mteja anamaliza kula kabla ya chupa ya kwanza, anatazama simu, anaita bili.

Kwenye baa ninayoipenda, usiku mmoja walikuja watu wanne saa nne imeshapita, wenye furaha na pesa, wakataka sato wawili wakubwa. Mchomaji aliweka kiganja juu ya wavu, akahesabu, akakiondoa taratibu. "Mzee, mkaa umechoka," alimwambia mkubwa wao. "Hawa wataungua nje na ndani watabaki wabichi. Kuna dagaa jikoni, wanakaangwa sasa hivi." Mwenye baa, aliyekuwa kaunta, alisikia na hakusema kitu. Mzee alinung'unika kidogo, akamuuliza mchomaji kama kesho atakuwepo, akaagiza dagaa na bia nne, tatu za baridi na moja ya moto.