Kumjua Fisi Mmoja Mmoja

Ukitoka Karatu ukapita lango la Loduare, barabara inapanda msituni hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na sakafu yake inaonekana mita 600 hivi chini yako. Wageni wengi hushuka kuwatafuta simba na faru. Kwa fisi hawasimami, maana ngano zetu zimekwisha kumhukumu mnyama huyu kuwa mlafi na kipando cha wachawi. Lakini tangu 1996 wako watafiti wanaoegesha gari karibu na fisi hao na kukaa hapo kutwa, na mimi nawahesabu miongoni mwa mafundi hodari wa nchi hii.

Ufundi wao ni wa macho. Kila fisi ana mpangilio wake wa madoa, na ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia. Kwa hiyo lazima zipatikane picha za pande zote mbili. Bila hivyo, mnyama mmoja anaweza kuandikwa mara mbili. Masikio nayo husaidia, kwa mipasuko iliyoachwa na ugomvi wa zamani. Mtihani ni watoto. Huzaliwa weusi tii, macho wazi na meno tayari, bila doa hata moja, na mtafiti husubiri wiki kadhaa rangi ipauke ndipo madoa yatokeze. Muda huo wote huchunguza pangoni nani ananyonya kwa nani. Hata kutenganisha jike na dume ni kazi, maana maumbile ya jike yanafanana mno na ya dume. Ndiyo sababu watu wa kale walimwita huntha.

Kwani kuwahesabu tu kusingetosha? Hesabu inakwambia wako wangapi, haikwambii nani binti wa nani. Kretani kuna koo nane, majike ndio wanaotawala, na mtoto hurithi cheo cha mamaye. Kwa kuwa kila kuzaliwa na kila kuhama kulikuwa kumeandikwa, mwaka 2007 Oliver Höner, mmoja wa watafiti hao, na wenzake walieleza katika jarida la Nature jambo la ajabu: jike kijana huwapendelea madume waliozaliwa au kuhamia katika ukoo baada ya yeye kuzaliwa. Baba yake kwa kawaida alikuwemo kabla, basi jike humkwepa bila hata kumjua. Madume wanaohama nao huelekea kwenye ukoo wenye majike vijana wengi.

Siri hiyo ilihitaji pia vipimo vya vinasaba vya kuthibitisha nani baba wa nani. Lakini msingi wake ulikuwa daftari, kamera, na watu waliokubali kumtazama mnyama asiyependwa mwaka baada ya mwaka. Uhifadhi usio na ujuzi wa namna hii ni kubahatisha.

Basi siku utakaposhuka kretani, mwombe dereva asimame penye fisi na azime injini. Wape angalau robo saa.