Mwanagenzi Katika Ofisi ya Uhusiano

Katika kazi ambazo binadamu huzifanya kwa mikono, mwanagenzi huiona kazi kwa macho kabla ya kuitamani kwa moyo: mwana wa seremala hukua akichezea maranda, na mwana wa mshonaji huijua harufu ya kitambaa kipya kabla hajaijua hesabu ya kupima bega na kiuno. Kazi ya uhusiano wa umma haina randa wala cherehani. Chombo chake ni neno, na maadamu kila aliyejaaliwa ulimi anacho chombo hicho, aghalabu kijana huiingia akidhani kuwa kazi anaijua tayari, na kuwa lililobaki ni kupewa kiti na kinasa sauti. Mimi nilikuwa kijana wa namna hiyo, na ninaandika haya kuishukuru kazi iliyonipokea na dhana hiyo ikanirudisha nyumbani na nyingine.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu, shauku yangu yote ilikuwa kuwa msemaji. Nilikuwa nimewatazama wasemaji wa mashirika katika televisheni, wameketi nyuma ya meza iliyojaa vinasa sauti vya kila kituo, kila neno lao likidakwa kabla halijafika chini, nikaona kuwa hiyo ndiyo hadhi ya kazi hii na ukomo wake. Darasani tulifundishwa mengi mema: namna ya kuandika taarifa kwa vyombo vya habari, namna ya kuandaa mkutano na waandishi, namna ya kuwagawa watu katika mafungu kwa kadiri ya haja zao. Mitihani yote hiyo nilifaulu. Walakini mtihani hukuuliza unajua nini, haukuulizi unataka kuwa nani, na swali hilo la pili nililibeba bila kulifungua mpaka nilipopelekwa mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wa Tanzania huyaita fildi, kwa muda wa wiki 8, katika mamlaka ya maji ya mji mmoja wa pwani.

Kitengo cha uhusiano kilikuwa chumba kimoja chenye meza tatu, kabati la chuma, na dirisha lililoelekea ua ambamo magari ya mafundi yaliegeshwa. Mkuu wake alikuwa mwanamke wa makamo ambaye ofisi nzima, tangu mkurugenzi hata mlinzi, ilimwita Mama, naye aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza, ingawa hakunipa kazi ya mwana anayedekezwa. Alinipa mkasi. Kila asubuhi yalikuja magazeti, Mwananchi, HabariLeo na Nipashe, nami niliyapekua yote kutafuta neno maji, nikakata kila habari iliyotuhusu, nikaibandika katika karatasi nyeupe, nikaandika tarehe na ukurasa pembeni, kisha chini yake nikajibu kwa mkono wangu swali moja: aliyeisoma habari hii atatuuliza nini kesho? Niliona kuwa ni kazi ya kitoto. Juma lilipokwisha Mama aliyapitia majibu yangu, akaniambia, “Mwanangu, umeandika tutakalosema sisi. Mimi nimekuuliza watakalouliza wao.” Ikanibidi kuyarudia yote tangu mwanzo, na katika kurudia huko ndipo nilipoanza, kwa mara ya kwanza katika umri wangu, kusoma gazeti kwa macho ya mtu ambaye bomba la nyumbani kwake limekauka.

Kutoka kwenye mkasi nilihamishiwa dirisha la wateja, mbele ya daftari la malalamiko. Daftari lile lilikuwa na safu za tarehe, jina, mtaa, namba ya dira, na lalamiko lenyewe, na safu ya mwisho, nyembamba kuliko zote, ilikuwa ya hatua iliyochukuliwa. Watu walikuja na ankara zilizokunjwa mara nne, wakazikunjua juu ya ubao wa dirisha kwa uangalifu wa mtu anayekunjua hati ya shamba. Mzee mmoja alidaiwa maji ya miezi miwili ambayo nyumba yake ilikuwa imefungwa. Kijana wa mkokoteni alitaka kujua kwa nini dumu la lita 20 limepandishwa bei kioskini bila mtu kuambiwa. Niliona kuwa mtu mwenye hasira, kalamu inapogusa karatasi na jina lake likaandikwa bila kukosewa, sauti yake hushuka yenyewe, na kwamba asiyeandikwa huondoka akaisimulia mitaa mitatu.

Lakini ustadi wenyewe wa kazi hii niliuona juu ya karatasi moja. Bomba kuu lilipasuka, nami nikaambiwa niandike rasimu ya tangazo. Niliandika kama matangazo mengi yaandikwavyo nchini: kwamba huduma imekosekana kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, na kwamba tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Mama aliisoma, akachukua kalamu nyekundu, akalizungushia duara neno la mwisho. “Umejitokeza wenyewe?” aliniuliza. “Ulikuwa umejificha wapi?” Akalifuta, na juu yake akaandika: tuliowasababishia. Kisha akaniuliza lile bomba lina umri gani, nami sikujua. Akanituma kwa mhandisi, nikaambiwa kuwa lilikuwa kuukuu, na lilikwisha kuingizwa katika orodha ya mabomba ya kubadilishwa. Basi tangazo likatoka likisema kuwa bomba ni kuukuu, kuwa limepasuka mahali fulani, na kuwa mafundi wako kazini. Kiswahili chetu kina kutenda, kutendwa, kutendeka na kutendesha, na kila kauli ina adabu yake. Kauli ya kutendeka, kama lile neno imekosekana la rasimu yangu, ni sitara njema pale tunapomstahi mtu aliyeteleza mbele ya wageni. Bali taasisi ya umma ikijifunika nguo hiyo hufanana na mtu aliyevunja mtungi wa jirani, kisha akabisha hodi kueleza kuwa mtungi umevunjika.

Watu wa pwani waliijua thamani ya tangazo la kweli kabla ya kuwapo vyuo vya kulisomea. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, walisema, na heshima yote ya pembe ile ilikuwa katika kutolia bure. Siku ambayo ingelia pasipo jambo, siku ya pili wasingetoka watu. Huko Marekani, ambako kazi hii ilipata sura yake ya kisasa, Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa magazeti, aliwatangazia wahariri mwaka 1906 kwamba ofisi yake itafanya kazi yake waziwazi na itatoa habari zilizo sahihi. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilianguka kutoka darajani ikaingia majini huko Atlantic City, wakafa watu zaidi ya 50. Desturi ya kampuni za reli wakati ule ilikuwa kuzificha ajali kadiri zilivyoweza kufichika. Lee aliishauri kampuni itoe habari yenyewe, na iwapeleke waandishi mahali pa msiba wakaone, na gazeti la New York Times likaichapa taarifa yake kama alivyoiandika. Chuoni niliisoma habari hii kama tarehe ya kukariri. Nilipokuwa nimeketi mbele ya daftari la malalamiko ndipo niliposadiki kuwa lilikuwa tendo la ushujaa.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Katika juma la sita bomba lilipasuka tena, safari hii upande wa mlimani, na Mama alikuwa safarini. Mhandisi aliniambia kwa simu, pampu ikinguruma nyuma yake, kuwa wakijaaliwa huenda wakamaliza usiku. Lile neno huenda lilinikera. Nililiona nyonge, halina murua wa kuingia katika tangazo, nikaliondoa, nikaandika kuwa maji yatarejea saa 4 usiku. Aliyekaimu akalipitisha kwa kuniamini. Likasomwa redioni, likaingia katika makundi ya WhatsApp ya mitaa, na gari la matangazo likalizungusha mpaka magharibi. Maji yalirejea kesho yake, adhuhuri imekwisha kupita.

Asubuhi ile simu hazikunyamaza, na waliogomba waligomba sana, lakini waliogomba nimewasahau. Nisiyeweza kumsahau ni bibi mmoja aliyekuja dirishani mapema, kanga moja kiunoni na moja kichwani, mkononi ana ndoo tupu ambayo nadhani hakujua kuwa bado ameishika. Hakupaza sauti. “Mjukuu wangu,” alisema, “niliweka ndoo yangu chini ya koki tangu saa 4, nikasema nisilale, maji yasije yakapita. Nimesikia adhana ya alfajiri nimekaa pale pale. Nani aliyesema saa 4?” Nikamwambia kuwa ni mimi. Alinitazama kitambo, kisha akasema, “Basi siku nyingine, kama hujui, sema hujui, nipate kulala.” Nililiandika lalamiko lake, tarehe, jina, mtaa, na kalamu ilipofika kwenye ile safu nyembamba ya hatua iliyochukuliwa, sikupata neno la kutia.

Mama aliporudi nilimweleza yote. Hakunikemea. Alilichukua daftari, akalisoma ukurasa hata ukurasa, na siku ya pili akaniingiza katika kikao cha wakuu wa idara, nikae nyuma, ninyamaze, nitazame. Hapo niliiona nusu ya pili ya kazi, nusu isiyoonekana katika televisheni. Ilipofikiwa ajenda ya mgao wa maji, na mtaa wa mlimani ukawa umepangiwa zamu ya saa 8 usiku, Mama aliomba ruhusa, akafungua daftari, akasoma malalamiko matatu kwa maneno ya walalamikaji wenyewe, pasipo kuongeza wala kupamba, na la tatu lilikuwa la yule bibi. Kisha akauliza: ni nani wa kuchota maji saa 8 usiku katika mtaa ule, na anachota gizani kwa taa ipi? Kikao kilijadili, mhandisi akatoa hesabu za matangi, na zamu ikahamishiwa asubuhi. Hakuna gazeti lililoandika jambo hilo. Kilichoonekana ni ratiba mpya tu, karatasi moja, iliyobandikwa ukutani kwa gundi ile ile niliyobandikia habari za magazeti.

Nikatoka pale nikijua nataka kuwa nani. Hamu ya vinasa sauti ilinitoka, ikaingia hamu ya kuwa yule anayeingia kikaoni na daftari kabla uamuzi haujapitishwa, maana uamuzi mbaya ukikwisha kupita hata mwenye ufasaha wa malenga hawezi kuufanya mwema. Nilijua kadhalika ni wapi nataka kuifanya kazi hiyo, katika huduma za umma, kwa watu wasio na akhiyari ya kwenda kununua kwingine. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa za mambo yaliyo muhimu kwa maisha yake, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imeiwekea haki hiyo utaratibu; kwangu mimi haki hiyo ina sura ya mwanamke aliyekesha na ndoo. Na azma bila mpaka ni hatari: Ivy Lee huyo huyo niliyemsifu, katika miaka ya mwisho ya uhai wake aliishauri IG Farben, kampuni ya kemia ya Ujerumani, zama za Hitler, na jina lake halijatoka doa mpaka leo. Anayechagua kazi hii sharti achague pia nani hatamsemea kwa ujira wowote.

Nasikitika kuwa wanagenzi wengi hawakupata bahati niliyoipata. Wapo wanaokaa wiki 8 kwenye benchi la ukumbini, wakitumwa chai na kurudufu karatasi, nauli wakijilipia wenyewe, na siku ya mwisho daftari lao la kumbukumbu likagongwa muhuri kuthibitisha kuwa wamejifunza. Huko ni kuipoteza amana ya watoto wa watu. Nawanasihi wakuu wa vitengo vya uhusiano, wa serikali na wa makampuni, wampe mwanagenzi mkasi, wampe daftari, wampe dirisha la wateja kabla ya kumpa kamera, na angalau mara moja wamwingize kikaoni akae nyuma. Nawe kijana unayeipanga fildi yako, usikimbilie ofisi yenye jina kubwa. Ulizia ofisi ambayo watu huja kulalamika, ukaombe kukaa hapo.

Mama amekwisha kustaafu. Mimi ninaandika matangazo bado, na tangazo lolote lenye saa ndani yake silitii sahihi mpaka nimempigia mhandisi aliye shimoni, na akisema huenda, ninaandika huenda.